Barua Moja, Mivengi Thelathini na Mmoja

Mpaka leo nikishuka kuelekea chemchemi ya kijiji chetu nikakuta akina mama wanateka maji, simu yangu huita ghafla. Haiiti, jamani, naiweka tu sikioni na kujifanya naongea na mtu wa Dodoma, kwa sababu najua lazima mmoja wao ataniuliza, kwa heshima zote, "Mwalimu, leo umechomeka mingapi?" na wengine watacheka mpaka ndoo zifurike. Ni aibu ambayo niliitafuta mwenyewe kwa mikono miwili na panga moja, na nawasimulia sasa hivi kabla hamjaisikia kwa hao akina mama, maana wao huongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kijijini, kati ya Makambako na Njombe mjini, mahali ambapo mwezi wa sita ukinawa uso asubuhi vidole vinakufa ganzi mpaka mapumziko ya saa nne. Nafundisha Kiswahili darasa la sita na nina sifa moja tu duniani, nayo ni mwandiko. Nisiwafiche, mwandiko wangu ubaoni ni mzuri sana, herufi zimesimama, mistari imenyooka bila rula, na kuna mkaguzi aliwahi kukaa nyuma ya darasa langu akaangalia ubao mpaka akasahau kukagua maandalio ya somo. Pia ni mlezi wa klabu ya mazingira yenye watoto thelathini na mmoja, ulezi ambao sikupewa kwa kupenda miti bali kwa sababu siku ya kugawana majukumu nilichelewa kikao. (Miti naipenda, lakini ile yangu. Wakati huo nilikuwa na shamba la milingoti, ambayo wengine mnaiita mikaratusi, pale pale juu ya chemchemi. Nilikuwa nimeipanda miaka sita kabla, ije kuwa nguzo, niiuze, nimalizie nyumba. Mlikumbuke hilo shamba, tutalirudia.)

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa Ufini, Mama Kaarina, aliyewahi kukaa Bulongwa, kule Makete, ujanani mwake akiuguza watu wetu miaka mingi, akarudi kwao, akastaafu, na uzeeni akawa anaenda kusaidia katika shule ya mtaani kwake. Huyo ndiye aliyemwandikia mwalimu mkuu wetu, Mama Mwalongo, kwamba watoto wa huko wangependa kuandikiana barua na watoto wa kwetu kuhusu mazingira. Waandike kwa Kiswahili, yeye atawatafsiria. Alitoa sharti moja tu, na Mama Mwalongo alinisomea mara mbili: watoto waandike wanachokiona.

Nikawagawia watoto wa klabu karatasi, wakaandika wanachokiona. Jioni nikakaa ofisini kusoma, na kufikia barua ya tano jasho lilinitoka na baridi ile ile. Mmoja ameandika kwamba vyoo vya shule vimejaa na wao huenda kichakani. Mwingine kwamba baba yake anachoma mkaa, tena msituni kusikoruhusiwa, na ametaja na siku anazoenda. Ya saba ilikuwa ya Faraja, mtoto wa kike mpole, anaishi na bibi yake kule bondeni. Aliandika hivi: "Bibi anasema zamani ukitega ndoo chemchemini ukahesabu mpaka thelathini imejaa. Mimi nahesabu mpaka mia mbili na kumi. Nikifika mia moja huwa nakaa chini. Juu ya chemchemi kuna milingoti mingi na milingoti inakunywa sana maji." Hakuandika milingoti hiyo ni ya nani. Hakuwa na haja, kijiji kizima kinajua.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Mdogo kabisa, uamuzi ambao kila mwalimu wa nchi hii ameshaufanya, maana sisi ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tunavyofundisha: kitu kikiwa muhimu, mwalimu anakiandika ubaoni kikiwa kimekamilika, watoto wananakili. Risala tunanakili, shairi la mgeni rasmi tunanakili, hata barua ya kuomba ruhusa ya ugonjwa huwa tunaiandika ubaoni kabla mtu hajaugua. Kesho yake nikafuta ubao kwa kitambaa chenye maji, nikachukua chaki mpya, nikaandika barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika:

"Rafiki yangu mpendwa, hujambo? Mimi ni mzima wa afya. Kijiji chetu kina chemchemi ya maji safi. Mimi nimepanda mvengi mmoja karibu na chemchemi hiyo, kwa sababu mvengi ni mti unaotunza maji. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule naumwagilia. Mti wangu unakua na mimi ninakua. Je, wewe una mti? Ni mimi rafiki yako."

Faraja akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mimi niandike nimepanda?"

"Wewe andika kilichoko ubaoni."

"Na chini niandike jina langu?"

"Ndiyo, jina lako kamili, na mwandiko uwe mzuri."

Akaniangalia kidogo, kisha akainama kuandika. Barua thelathini na moja zikaingia kwenye bahasha moja kubwa, zikaenda posta Makambako, na ile ya kwake ya mwanzo nikaikunja nikaiweka katikati ya daftari langu la maandalio, sijui kwa nini sikuichana.

Hiyo ilikuwa wakati mvua zinaanza. Majibu yalikuja mwezi wa tano mwishoni. Nilipigiwa simu kwamba kuna mzigo, nikapanda basi mpaka Makambako, nikauchukua, na kwa kuwa basi la kurudi lilikuwa bado, nikaingia mgahawani pale karibu na stendi, nikaagiza chai na maandazi mawili, nikafungua. Niwaambie ukweli, chai ile sikuinywa.

Mimi nilitegemea nini? Nilitegemea majibu thelathini na moja yanayofanana, kama barua zetu zilivyofanana, mwalimu wao naye ameandika ubaoni. Nikatoa ya kwanza, imeandikwa kwa kalamu ya zambarau, na chini yake Mama Kaarina ametafsiri kwa penseli. Mtoto anauliza mti wangu umenifika wapi, gotini au kiunoni, kwa sababu yeye ana mti wa msindano, yaani msonobari, alioupanda babu yake siku aliyozaliwa, na sasa umemzidi mara tatu. Ya pili inauliza ndege gani wanatua kwenye mvengi. Ya tatu mtoto ameweka jani dogo la njano lililokaushwa, akasema huu ndio mti ulioko dirishani kwangu, nakutumia jani moja, nitumie na wewe. Kuna mmoja kasema kwao kipindi cha baridi jua linachungulia kidogo na kurudi, ziwa linaganda mpaka watu wanalivuka kwa miguu, na akiwa kitandani asubuhi yenye giza huwa anafikiria kwamba saa hizo hizo kuna mtu Tanzania anamwagilia mti, kisha anaamka. Mwingine aliuliza kitu kimoja tu: huwa unauambia nini mti wako ukiwa unaumwagilia?

Nimefundisha miaka kumi na tisa na sijawahi kuona kitu cha namna hiyo, barua moja, tena ya uongo, imevuka bahari na theluji ikafika kwa watoto thelathini na mmoja, na kila mtoto ameijibu kana kwamba ameandikiwa yeye peke yake duniani. Majibu yote yalikuwa tofauti. Yule dada wa mgahawa alikuja kuuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, ni barua. Akaangalia zile karatasi za rangi rangi zimetanda meza nzima, akasema pole, akaondoka na maandazi yangu.

Chini kabisa ya bahasha kulikuwa na barua ya Mama Kaarina mwenyewe. Alisema walipogundua kwamba barua zetu zote zina maneno yale yale, watoto walishangaa, lakini mwalimu wao akawaeleza kwamba bila shaka hicho ni kiapo cha kijiji, wote wanakisema kwa pamoja. Watoto wakakipenda mno. Wamekikariri kwa Kiswahili. Na wamechonga vibao vya mbao, kila kimoja kina jina ambalo mtoto ameupa mti wa rafiki yake, vining'inizwe matawini. Yeye anakuja Tanzania kuwasalimia watu wake wa Makete, na atapitia kwetu, kwa tarehe aliyoitaja zilikuwa zimebaki siku kumi na moja, aione hiyo mivengi thelathini na mmoja kwa macho yake kabla hajafa.

Nikatoka mgahawani nikaenda moja kwa moja kwa Salumu. Salumu ana bustani ya miche pale barabarani Makambako, na ana gari dogo la kukodisha, mtu wa watu, anajulikana mpaka Matembwe. Nikamwuliza kama ana miche ya mvengi, thelathini na mmoja, iliyokua kidogo.

"Mvengi?" alisema. "Mwalimu wangu, hapa watu wanachukua msindano, mlingoti na parachichi. Mvengi unajiotea wenyewe huko makorongoni, nani atakuja kuununua? Una haraka nao?"

"Siku kumi na moja."

"Basi kaombe dua," akasema, akanipa kiti nikae.

Mtu mwenye akili angesema ukweli hapo hapo. Na nilijaribu, msinione mbaya, kesho yake nilienda mpaka mlangoni kwa Mama Mwalongo nikiwa nimeshapanga maneno. Alikuwa anaisoma ile barua ya ugeni kwa mara ya tatu. Akainua macho yamejaa machozi akasema, "Mwalimu Mligo, shule hii haijawahi kupata mgeni wa namna hii. Mwandiko wako umetufikisha mbali." Haya, ungekuwa wewe ungesemaje? Mimi nilisema asante.

Siku kumi zikapita nikiwa sili vizuri. Siku ya ugeni niliamka kabla ya jogoo, nikachukua panga, nikashuka korongoni kwenye mivengi mikubwa ya asili, nikakata matawi thelathini na moja yaliyonyooka, kila moja kimo cha mtoto. Nikayabeba mara tatu mpaka chemchemini. Kati ya mstari wa kwanza wa milingoti yangu na maji kulikuwa na kinafasi kama hatua nne hivi, nikatoboa mashimo kwa jembe, nikachomeka, nikamwaga maji, nikashindilia tope kwa kisigino. Kulipopambazuka nikasimama mbali nikatazama. Jamani, ilipendeza. Mivengi thelathini na mmoja imesimama kwa mstari, majani yanang'aa, ningekuwa mgeni ningelia. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mgeni anafika saa tatu, saa nne tuko chemchemini, saa tano anakula wali, saa sita anaondoka, na matawi yakinyauka yatanyauka kwa faragha.

Nilisahau kwamba tuko Tanzania na mgeni ni mgeni. Alifika saa tatu kweli, analetwa na nani, na Salumu, maana alishukia Makambako na gari lililokuwepo ni lile. Salumu akanisalimia kwa uchangamfu akauliza, "Vipi Mwalimu, dua ilijibiwa?" nikamkamata mkono nikamkalisha kiti cha nyuma kabisa. Mama Kaarina ni mwembamba, nywele nyeupe kabisa, amevaa kitenge, na alipopaza sauti "Kamwene!", salamu ya kwetu, bibi zetu wote waliitikia "Kamwene" kwa nguvu mpaka mbwa wakabweka. Kwaya ikaimba nyimbo nne. Mwenyekiti wa kijiji akatoa historia ya kijiji kuanzia mwanzo. Mama Mwalongo akakaribisha. Risala nikasoma mimi mwenyewe, niliyoiandika mwenyewe, yenye maneno "watoto wetu ambao kila asubuhi humwagilia", na jua la mwezi wa sita linapanda, baridi ipo lakini jua kali, na mimi kila nikigeuza ukurasa naangalia upande wa chemchemi.

Saa saba Mama Kaarina akaomba kuonyesha kitu. Akaunganisha simu yake na spika ya kwaya, na televisheni ya ofisi ikawekwa mezani. Tukawaona, kwenye video iliyopigwa kipindi chao cha baridi. Watoto wa Ufini, wamevaa makoti mpaka masikioni, wamesimama juu ya ziwa lililoganda, weupe kila upande mpaka macho yanauma, moshi unawatoka midomoni. Na wakaanza kusema, kwa pamoja, kwa Kiswahili kinachojikwaa lakini kila neno lipo: "Kijiji chetu kina chemchemi ya maji safi. Mimi nimepanda mvengi mmoja karibu na chemchemi hiyo." Kila neno. Maneno yangu ya chaki. Watoto ambao sitawaona maishani, wamesimama juu ya maji yaliyogeuka jiwe, wanaapa kutunza maji yetu. Mzee mmoja akavua kofia. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze sikuogopa kuumbuka, niliogopa kitu kingine, kwamba wale watoto wanaamini.

Tukashuka chemchemini, kijiji kizima nyuma. Watoto wa klabu walipoiona ile mivengi walisimama ghafla. Wakatazamana. Faraja akasogea karibu yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hii ni ya nani?"

"Ni yenu," nikamjibu, bila kumtazama.

Majani yalikuwa yameanza kulegea, lakini kwa mbali yalipita. Mama Kaarina akafungua begi akatoa vibao, vya mbao nyeupe, vizito kuliko nilivyodhani, kila kimoja kimechongwa kwa mkono na kina kamba nyekundu. Akasoma cha kwanza, "Toivo, maana yake tumaini," mtoto akaja akakining'iniza, tawi likavumilia, watu wakapiga makofi. Cha pili, "Lumi, maana yake theluji," tawi likainama kidogo kama linasalimia. Cha tatu sikumbuki jina lake, kwa sababu kabla makofi hayajaisha tawi liliegemea mbele, likaegemea zaidi, kisha likang'oka na tope lake likalala miguuni pa mwenyekiti. Halikuwa na mzizi hata mmoja. Mwisho wake ulikuwa umekatwa mshazari, mweupe, safi.

Mwenyekiti akaliokota, akaligeuza, akapitisha kidole pale kwenye mkato. Akasema polepole, "Huu umekatwa na panga. Leo."

Hapo ndipo Salumu, ambaye Mungu anajua hakuwa na nia mbaya, akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, kwani si ulikuja kwangu unatafuta miche ya mivengi? Mimi nilidhani ulipata." Na kama vile matawi nayo yalikuwa yanangoja ruhusa, la pili likaanguka, likafuatiwa na la kwanza. Bibi mmoja akaanza kucheka, akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, halafu wote. Nimewahi kuchekwa, lakini kuchekwa na kijiji chako chote pamoja na kwaya ni jambo lingine. Mama Mwalongo hakucheka. Mama Kaarina pia hakucheka, alikuwa ameshika vibao ishirini na vingapi sijui kifuani, ananiangalia, hajaelewa bado.

"Mwalimu," Faraja akasema, sasa kwa sauti ya kusikika. "Ya kwetu ipo bondeni. Tuwapeleke?"

Sikuelewa anachosema. Nikawafuata tu, sote tukawafuata, tukashuka mpaka kwenye kinyungu cha bibi yake, yaani ile bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi, na pale pembeni, nyuma ya matuta ya mboga, nikaiona. Mivengi. Mifupi, inafika gotini, mistari imepinda, kila mmoja umezungushiwa vijiti vya mianzi mbuzi wasifike, udongo chini yake umelowa. Nikahesabu ishirini na mitano, na mparachichi mmoja.

"Ilikuwa thelathini na mmoja, mitano imekufa," Faraja akaeleza. Kisha akaonyesha mparachichi. "Na wa Eliya uliliwa na mbuzi wa mjomba wake, akaona aibu, akapanda huu."

Mama Kaarina akachuchumaa akagusa jani. "Nani aliwaambia mpande?"

Watoto wakatazamana. "Tuliandika majina yetu chini," Faraja akasema. "Mwalimu alisema tuandike majina kamili. Tukaona barua ikifika huko kabla hatujapanda itakuwa uongo. Tukapanda Jumamosi ile ile, tulichukua miche iliyojiotea kule korongoni."

Niliwaandikia watoto uongo wakanakili kwa utii, halafu wakaondoka na ule uongo, mvua inanyesha, wakaugeuza ukawa kweli, mtoto mmoja mmoja, kwa mikono, na kuutunza miezi yote ile bila kuniambia, na mimi mlezi wa klabu ya mazingira sikujua, kwa sababu klabu yangu ilikuwa inakutana Ijumaa darasani kunakili faida za miti. Machozi yalinitoka mbele ya watu wote na sikuyafuta.

"Na kwa nini huku?" mwenyekiti akauliza. "Barua si imesema chemchemini?"

Faraja akaangalia vidole vya miguu yake. "Chemchemini hakukuwa na nafasi," akasema.

Watu wakageuka, wote, kijiji, kwaya, mgeni, Salumu, wakatazama juu kwenye milingoti yangu imesimama imeizunguka chemchemi, mirefu, minene, imeshiba. Hakuna aliyecheka sasa. Nawaambia, yale ya matawi yalikuwa mzaha. Aibu yenyewe ilikuwa hii.

Mama Kaarina akaja mpaka mbele yangu. "Ile barua uliandika wewe?"

"Niliandika mimi, mama. Watoto walikuwa wameandika za kwao, nikazificha. Nisamehe."

"Ni barua nzuri," akasema. "Wa kwako uko wapi?"

Ningejibu nini, niinue kidole nionyeshe milingoti?

Vibao vikafungwa kwenye vile vijiti vya mianzi, maana mivengi yenyewe bado haiwezi kubeba, na wale watano ambao miti yao ilikufa wakavishika mkononi wakaahidi kupanda tena mvua zikianza. Mwisho kikabaki kibao kimoja. Mama Kaarina akaeleza kwamba kule wako thelathini na wawili, kuna binti mmoja, Aino, alikosa rafiki wa kumwandikia lakini akachonga kibao hivyo hivyo. Kimeandikwa Vesi, yaani maji. Nani atakichukua?

"Mwalimu hana rafiki," Eliya akasema. Watoto wakacheka, na nadhani ndiyo siku waliyonisamehe.

Mwezi wa nane nilikata milingoti yote iliyokuwa juu ya chemchemi. Haikuwa imefikia nguzo, ikaishia kuni na miti ya kuezekea. Mke wangu aliangalia kuta zetu zisizo na paa akasema nyumba itasubiri, akaniletea chai shambani. (Mlingoti ukiukata unachipua, kwa hiyo mpaka leo kila Jumamosi naenda na panga kukwangua machipukizi, na ndiyo hapo akina mama hunikuta.) Mvua zilipoanza watoto walipandisha mivengi mingine mpaka chemchemini, na mimi nikapanda mmoja, wenye mizizi, nimeukagua mara mbili.

Barua ya kwanza kwa Aino ilinichukua juma zima. Mwandiko ninao, lakini karatasi nyeupe bila kitu cha kunakili ilinishinda kabisa, mpaka nikatoa ile barua ya Faraja kwenye daftari la maandalio, nikaiweka kwenye bahasha pamoja na yangu, na nikaanza kwa kueleza nilichomfanyia mtoto huyo. Sasa darasani nagawa karatasi, nasema andikeni mnachokiona, kisha natoka nje nasimama kwenye baridi mpaka wamalize, kwa sababu nikibaki ndani mkono unanivuta kwenye chaki. Mkaguzi akija atanikuta nje, potelea mbali. Barua ya mfano mimi siandiki tena, hata ya kuomba ruhusa ya ugonjwa.

Aino ana miaka kumi na mmoja na ni mkali. Hajali mwandiko wangu. Kila barua anamalizia na swali lile lile, ndoo inajaa kwa kuhesabu ngapi? Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya shule namwagilia mvengi wangu, natega ndoo, nakaa pale nahesabu kwa sauti kama mwehu. Jana ilijaa nikiwa mia moja tisini na mbili. Nilipokaa kumwandikia, mkono uliniwasha kweli kweli kuandika mia moja, maana ingependeza zaidi, na nani angejua. Nikaandika mia moja tisini na mbili, na chini yake jina langu kamili.